Nanjichang: Soko la usiku linaloishi kwa jirani, si kwa mtalii

MGENI akiuliza jijini Taipei mahali pa kula usiku, mara nyingi jibu la kwanza ni Shilin, na la pili ni Raohe. Hayo ni masoko ya usiku ya Taiwan yenye sifa duniani kote, na sifa hiyo ndiyo inayoyaponza. Ikifika saa mbili usiku, hasa Jumamosi, mtu hatembei tena kwa hiari yake, bali anasukumwa na wanaokuja nyuma.

Lakini kusini magharibi mwa katikati ya jiji hilohilo kuna soko dogo liitwalo Nanjichang. Halina kituo cha treni ya chini ya ardhi mlangoni. Ukishukia kituo cha hekalu la Longshan, unatembea kwa miguu robo saa hadi dakika ishirini. Umbali huo mdogo umetosha kuwapunguza watalii.

Si kwamba soko ni tupu. Jioni hujaa, ila wanaolijaza ni wenyeji: mama anayetoka kazini, mzee aliyeshuka kutoka ghorofani na kandambili zake, wanafunzi wenye mabegi mgongoni. Wanajua kila kibanda kinauza nini, na wengi hawasomi hata ubao wa bei.

Soko hilo lina utamu wake mdomoni. Lina pia somo kwa kila anayepata riziki kwa kuuza barabarani.

Uwanja wa ndege uliogeuka mtaa

Jina Nanjichang maana yake ni uwanja wa ndege wa kusini. Wajapani, walioitawala Taiwan kuanzia 1895 hadi 1945, walikuwa na uwanja wa ndege mahali hapo. Vita vilipokwisha, ndege ziliondoka na watu wakaingia.

Mwaka 1949 serikali ya Chiang Kai-shek ilishindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko China bara, ikakimbilia Taiwan. Ilifuatana na askari, makarani na familia, zaidi ya watu milioni moja. Wengi waliamini kwamba watakaa muda mfupi, kisha warejee nyumbani kwao.

Hawakurejea. Wapo askari walioacha wake, watoto na wazazi ng'ambo ya bahari. Ruhusa ya kwenda kuwatembelea ndugu ilitolewa Novemba 1987, baada ya miaka 38. Wengine walipofika walikuta makaburi. Msomaji aliyewahi kuishi kambini akihesabu miaka hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwenye ardhi ile ya uwanja wa ndege yakaota mabanda. Miaka ya 1960 serikali ikajenga ghorofa za makazi ambazo kwa wakati ule zilikuwa za kisasa, zenye vyoo vya kuvuta maji na ngazi za nje zinazojizungusha kama gamba la konokono. Ngazi hizo zipo hadi leo, na wapiga picha huzifuata.

Nyumba zenyewe zilikuwa finyu. Familia nzima iliweza kuishi katika nafasi ambayo kwetu ingekuwa sebule tu. Mahali kama hapo, chakula cha jioni hupatikana kwa urahisi zaidi ukishuka ngazi kuliko ukiwasha jiko. Chini ya ghorofa wakawepo wauzaji, na juu yao wakawepo walaji. Soko likakua.

Kiazi kitamu na gimbi

Waliokaa Nanjichang hawakuwa wa asili moja. Walikuwapo wakimbizi wa bara, na walikuwapo Wataiwani wa vijijini waliohamia mjini kutafuta kazi. Uhusiano wa makundi hayo mawili kisiwani haukuwa mwepesi. Mwaka 1947 serikali iliyotoka bara iliwaua maelfu ya Wataiwani waliokuwa wakiipinga, na kwa miaka mingi jambo hilo halikuruhusiwa kutajwa hadharani.

Watu wakapeana majina ya vyakula. Wenyeji wa kisiwa waliitwa viazi vitamu, kwa kuwa ramani ya Taiwan inafanana na kiazi kitamu. Waliotoka bara wakaitwa magimbi.

Leo katika masoko ya usiku kuna kitamu kimoja kinachopendwa sana: vidonge laini vya kiazi kitamu na vya gimbi, vilivyopikwa pamoja katika bakuli moja la maji ya sukari. Vya kiazi ni vya njano, vya gimbi vina rangi ya zambarau hafifu. Mteja hachagui kimoja akaacha kingine. Huletewa vyote.

Vyakula vyenyewe navyo vilichanganyika hivyohivyo. Wakimbizi walileta mikate ya ngano, tambi na maandazi ya nyama. Wenyeji walikuwa na wali, chaza, viazi na mchele unaonata. Misaada ya Marekani, iliyotolewa kuanzia 1951 hadi 1965, ilileta ngano nyingi na kuwapa kazi waliojua kuikanda. Supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, ambayo leo Taiwan inaihesabu kuwa chakula chake cha taifa, ilizaliwa kwa wakimbizi waliokuwa wakijaribu kupika ladha ya nyumbani kwa vitu vya ugenini.

Kinacholiwa

Pua hufika sokoni kabla ya miguu. Harufu ile kali, inayomfanya mgeni adhani bomba la maji machafu limepasuka, ni ya tofu inayonuka. Tofu ni jibini ya soya. Hulowekwa katika maji ya mboga zilizochachushwa, kisha hukaangwa mpaka ganda likauke, na huliwa pamoja na kabichi ya siki. Nanjichang ina pia ile ya kupikwa kwa mvuke, ambayo harufu yake ni kali zaidi. Ukishatia kinywani, harufu hupungua na ladha hubaki, kama ilivyo kwa samaki mkavu tunayemjua sisi.

Mbele kidogo kuna mkate bapa wa tanuri la udongo. Mwokaji huubandika unga uliokandwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri, moto ukiwa chini. Unatoka na ufuta juu na majani ya vitunguu ndani, ukipasuka kwa kila tafuno. Huo ni mkate uliokuja na watu wa bara, na unapouzwa hapo huwa na foleni.

Kipo kibanda cha kuku wa mafuta ya ufuta. Kuku hupikwa na tangawizi nyingi, mafuta meusi ya ufuta na pombe ya mchele. Kwa desturi ya Wataiwani hicho ni chakula cha mzazi. Mama aliyejifungua hupumzishwa mwezi mzima, akilishwa supu hiyo apate nguvu. Wasiojifungua huila wakati wa baridi, wakisema inapasha mwili.

Chakula kinachopatikana karibu kila soko la usiku ni chaza wa mayai. Mpishi humwaga chaza wadogo kwenye chuma kipana chenye moto, juu yake uji mwepesi wa wanga wa viazi vitamu, kisha mayai na mboga za majani. Wanga ukiiva hunata na kung'aa. Mwisho humiminiwa mchuzi mwekundu wenye utamu na pilipili kidogo. Aliyezoea chipsi mayai ataelewa mara moja wazo lake, ingawa mdomoni ni kitu kingine kabisa.

Kwa wapenda vitamu, Nanjichang ina duka la mipira ya mchele unaonata linalojulikana kwa jina la jengo namba nane. Jina halikutungwa kwa ajili ya biashara. Wateja ndio waliokuwa wakielekezana kwa namba ya jengo, na namba ikageuka kuwa jina.

Kitamu kingine cha masoko ya usiku humfurahisha sana mtu wa pwani. Muuzaji anakuwa na gogo kubwa la kashata ya karanga, na analiparua kwa randa ya seremala hadi litoe unga. Unga huo hunyunyizwa juu ya chapati nyembamba, yakawekwa mabonge ya aiskrimu na majani ya kotimiri, kisha kikasokotwa kama mkeka. Kotimiri na aiskrimu haviendani kwa masikio, lakini vinaendana kwa ulimi.

Muhogo ni uleule

Chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi, ambayo imesambaa duniani, ilibuniwa Taiwan katika miaka ya 1980. Duka moja la Taichung na jingine la Tainan kila moja linadai kuwa la kwanza. Vidonge vile vinatokana na wanga wa muhogo. Sehemu kubwa ya wanga huo Taiwan huununua Thailand na Vietnam.

Kuna pia mipira ya viazi vitamu ya kukaanga. Viazi vilivyopondwa huchanganywa na wanga wa muhogo, vikaviringishwa na kutiwa katika mafuta. Mpishi huvikandamiza kwa upawa tena na tena. Kila vikikandamizwa hunyweya, na vikiachiwa hujaa hewa, hadi kila kimoja kinakuwa kikubwa na kitupu katikati, chepesi kama povu.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaopitisha magunia ya muhogo na viazi waliangalie hilo kwa makini. Mazao ni yaleyale tunayoyalima. Kilichoongezeka ni kuyasaga, kuyachuja na kuyafanya kitu ambacho mtu atalipia akiwa amesimama. Faida ya zao haiishii kwenye gunia.

Kibanda kimoja, chakula kimoja

Anayetembea Nanjichang ataona jambo moja upesi. Kibanda hakiuzi vyakula kumi. Kinauza kimoja, au viwili vinavyofanana.

Sababu ni za kibiashara. Nafasi ni ndogo, hivyo hakuna mahali pa kuweka vyungu vingi. Vitu vinavyonunuliwa ni vichache, hivyo havilali. Mkono unaorudia kazi ileile miaka ishirini hauhitaji kupima chumvi. Mteja naye hangoji sana, kwa kuwa chakula kipo tayari au karibu tayari.

Kibanda cha jirani hakishindani na chako, bali kinakuletea mteja. Mtu hununua mkate hapa, supu pale na kitamu kule, na wenye vibanda wote wanapata. Kama kila mmoja angeuza kila kitu, wangegombania mteja mmoja kwa bei mpaka wote wakose.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu cha Michelin cha Ufaransa, kinachopanga migahawa ya dunia, kilitoa toleo la kwanza la Taipei mwaka 2018, na vibanda vya masoko ya usiku vikaingia katika orodha ya vyakula bora vya bei nafuu. Nanjichang nayo ina vibanda vilivyowahi kutajwa humo. Foleni ziliongezeka, ila soko limebaki la wenyeji.

Watalii walipotoweka

Kuanzia mwaka 2008 Taiwan ilifungua milango kwa watalii kutoka China bara. Mwaka 2015 walifika zaidi ya milioni nne. Masoko makubwa yaliwageukia wao. Vibanda vilianza kufanana, vikiuza vitu vya kubeba mkononi na kupigia picha, na kodi za pango zikapanda. Wenyeji wa Taipei wakaanza kusema kwamba Shilin si yao tena.

Serikali ya jiji nayo ilikuwa imelijenga upya soko la Shilin. Desemba 2011 vibanda vya chakula viliingizwa katika ukumbi wa chini ya ardhi wa jengo jipya. Usafi uliongezeka. Lakini walaji wengi walilalamika kwamba moshi, kelele na hewa ya usiku, ambavyo ni nusu ya ladha, vilibaki juu barabarani.

Kisha siasa ikabadilika. Baada ya 2016 watalii wa bara walipungua, na Agosti 2019 China ilisimamisha safari za mtu mmoja mmoja kwenda Taiwan. Machi 2020 Taiwan yenyewe ilifunga mipaka kwa sababu ya korona, na haikuifungua kikamilifu hadi Oktoba 2022. Masoko yaliyotegemea wageni yaliumia vibaya, na Shilin kulionekana vibanda vingi vilivyofungwa.

Masoko ya mitaani hayakusalimika kabisa. Kati ya Mei na Julai 2021 ilikatazwa kula mezani, na wauzaji waliruhusiwa kufunga chakula tu. Lakini mteja wa Nanjichang alikuwa hajaenda popote. Alikuwa ghorofa ya tatu, na bado alihitaji chakula cha jioni.

Waliofanya biashara Gatuna wanalijua hilo bila kufika Taiwan. Mpaka ule ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa Januari 2022. Aliyekuwa na wateja wa upande wa pili tu alifunga duka. Aliyekuwa na jirani wa kumuuzia alipunguza, lakini aliendelea. Mgeni huleta faida kubwa kwa msimu, jirani huleta ndogo kila siku, na biashara yenye busara haimuuzi jirani ili impate mgeni.

Tishio lililobaki

Nanjichang haiko salama moja kwa moja. Ghorofa zake sasa zina umri wa miaka 60 hivi. Zege limechoka, na wazee wanapata shida kupanda ngazi zisizo na lifti. Kwa miaka mingi pamekuwa na mipango ya kuzibomoa na kujenga upya, lakini kuwaunganisha wamiliki wengi wenye vyumba vidogo si kazi rahisi.

Hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mzee wa miaka 80 aendelee kuishi katika jengo bovu ili wengine wapate chakula kitamu. Hata hivyo, swali la wauzaji linabaki. Soko hili liliota chini ya nyumba za watu wa kipato kidogo, na bei zake ni za watu hao. Nyumba zikiwa mpya na ghali, wapangaji watakuwa wengine, na kibanda chenye mkokoteni huenda kisipewe nafasi mbele ya duka la vioo.

Kuna pia suala la warithi. Wapishi wengi wa masoko ya usiku wamezeeka. Kazi ni ya kusimama mbele ya moto hadi usiku wa manane, na watoto waliosoma wanaona afadhali ofisi yenye kiyoyozi. Kibanda kisipopata mrithi, kapu la siri za mapishi hufungwa pamoja nacho.

Ndiyo maana anayetaka kuliona soko hili asingoje sana.

Ukienda

Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye uhusiano wa kibalozi na Taiwan, hivyo suala la viza lishughulikiwe mapema kupitia ofisi za Taiwan zilizo katika nchi nyingine.

Beba fedha taslimu, tena noti ndogo na sarafu. Dola moja ya Marekani hubadilishwa kwa takriban dola 30 za Taiwan, na vyakula vingi vya kibanda havizidi dola 100 za huko. Wauzaji wadogo wengi hawatumii kadi.

Bei ya chakula haijadiliwi. Iliyoandikwa ndiyo hiyo. Kutaka kupunguziwa bakuli la supu ni kumwaibisha mpishi na kujiaibisha mwenyewe.

Foleni huheshimiwa. Ukiona watu wamesimama na huelewi wanangoja nini, simama nyuma yao. Ni mara chache utajuta.

Ukikuta bakuli limevikwa mfuko wa plastiki, usishangae. Vibanda vingine havina maji ya kutosha ya kuoshea, hivyo mfuko hutupwa na bakuli hubaki safi. Mapipa ya taka ni machache barabarani. Rudisha chombo pale ulipokinunua.

Ndugu zetu Waislamu wawe waangalifu. Nyama ya nguruwe na mafuta yake vimeenea mno, hata katika vyakula ambavyo havionyeshi, na pombe ya mchele hutiwa katika supu nyingi. Lililo salama zaidi ni matunda na mahindi ya kuchoma yasiyopakwa mchuzi. Atakayetaka nyama halali aelekee upande wa Msikiti Mkuu wa Taipei, uliojengwa mwaka 1960, ambako kuna migahawa ya tambi na ng'ombe. Wasiokula nyama kabisa hawapati shida, kwa sababu wafuasi wa dini ya Budha ni wengi na vibanda vyao vina alama maalumu ubaoni.

Nenda siku ya kazi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, wakati moto umekolea na wenyeji wanakula. Usishibe kwenye kibanda cha kwanza. Nunua kidogo hapa, kidogo pale, na ukipata stuli tupu karibu na mzee anayekula polepole, kaa hapo. Agiza alichoagiza yeye.